Gitaa lililopotea kwenye albamu ya mzee

"Fundi, habari za kazi. Baba yangu aliendesha lori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka zaidi ya ishirini, na kanda aliyoipenda kuliko zote njiani ilikuwa Catch a Fire ya Bob Marley na Wailers. Mwaka huu anatimiza miaka 70. Anaishi Busia, na nataka nimpe albamu hiyo iwe zawadi yake. Niliitafuta kwenye simu, nikapata toleo linaloitwa Deluxe, nikamchezea. Alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, kisha akasema: 'Sio hii. Gitaa limeenda wapi?' Tangu hapo nimechanganyikiwa. Naona kuna LP, yaani santuri kubwa, ya mwanzo yenye jalada la kiberiti cha Zippo, kuna CD mbili za 2001, kuna LP mpya, kuna seti ya 2023 ya kuadhimisha miaka 50, na kuna faili za biti 24. Rafiki mmoja ananiambia chochote kilichofanyiwa rimasta ni bora kuliko cha zamani. Mwingine anasema sauti halisi iko kwenye santuri tu. Nina shilingi laki nne za Uganda. Mzee ana mashine ya santuri ambayo haizunguki, na redio ya CD ambayo ni nzima. Kanda yake bado ipo ila haichezi. Ninunue ipi?"

Ndugu yangu, mzee wako hajakosea hata kidogo. Gitaa analolitafuta kweli halimo katika ulichomchezea, na wala simu yako haina kosa. Ulidhani umemwekea kanda yake ikiwa imesafishwa, kumbe umemwekea kazi nyingine yenye nyimbo zile zile. Tuanzie hapo, maana ukilielewa hilo nusu ya maswali yako yatajijibu.

Albamu ile ilirekodiwa Kingston, Jamaika, mwaka 1972, kwa fedha zilizotolewa na Chris Blackwell, mwenye kampuni ya Island. Kanda zilipofika London, Blackwell aliona kwamba zikiachwa zilivyo hazitawashika vijana wa Uingereza na Marekani waliozoea roki. Akawaita wanamuziki wawili wa Kimarekani: Wayne Perkins, mpiga gitaa kutoka Alabama ambaye rege ilikuwa ngeni kwake, na John Bundrick, mpiga kinanda anayejulikana kwa jina la Rabbit. Wakapiga vyombo vyao juu ya kile walichokwisha kukipiga Wailers. Ile solo ya gitaa inayolia katikati ya Concrete Jungle, wimbo wa kwanza, ni ya Perkins, na iliongezwa London. Albamu ilitoka Aprili 1973 ikiwa na nyongeza hizo, na hiyo ndiyo dunia nzima ikaijua, pamoja na dereva wa lori aliyekuwa akishuka Mariakani usiku.

Rekodi za Jamaika kama zilivyokuwa kabla ya London zilibaki kwenye makabati mpaka mwaka 2001, lilipotoka toleo la Deluxe lenye diski mbili. Diski ya kwanza ni ile ya Jamaika, na ya pili ndiyo albamu ya 1973. Ukifungua toleo hilo kwenye simu na kubonyeza wimbo wa kwanza, unaangukia Kingston. Tazama vizuri pembeni ya jina la wimbo, utaona pameandikwa "Jamaican Version". Kwa hiyo kabla hujatumia hata shilingi moja, rudi Busia na simu hiyo hiyo, shuka chini kwenye orodha mpaka Concrete Jungle ya pili, umchezee mzee, kisha mtazame usoni gitaa linapoingia.

Sasa tuje kwenye neno rimasta, maana rafiki yako ameliamini kupita kiasi. Muziki unaoufikia mkono wako umepita hatua kadhaa. Kwanza watu wamepiga na kuimba, kila chombo kikawekwa kwenye mkondo wake. Halafu mtu akakaa kwenye meza ya sauti na kuamua besi iwe kubwa kiasi gani, gitaa likae kushoto au kulia, sauti ya Peter Tosh, mmoja wa Wailers, isikike mbele au nyuma. Hiyo ndiyo miksi. Miksi ikikamilika inakuwa kitu kimoja, kama chai iliyokwisha kutiwa maziwa na sukari. Hapo ndipo inapoingia mastaringi: mtu wa mwisho anaichukua miksi iliyokamilika na kurekebisha ukali wa jumla, uzito wa besi na ukubwa wa sauti ili ikae sawa kwenye santuri, kanda au CD. Baada ya hapo ndipo chombo chenyewe kinatengenezwa.

Kurimasta ni kurudia ile hatua ya mastaringi peke yake. Aliyerimasta hawezi kuongeza gitaa ambalo halikupigwa, wala hawezi kuliondoa lililomo. Anaweza kuwasha taa au kuizima, lakini samani za chumbani hazihamishi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba chombo fulani hakisikiki kabisa katika toleo jipya, usiishie kwenye rimasta. Uliza kama miksi ni nyingine, au kama ni rekodi nyingine. Hapo wanunuzi wengi huteleza, kwa sababu kwenye jalada maneno yote hayo huandikwa kwa herufi ndogo na bei huandikwa kwa kubwa.

Je, rimasta ni bora? Mara nyingine, ndiyo, na ubora wake ni mkubwa. CD zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, kampuni nyingi zilikimbilia kuhamisha albamu zao haraka, na baadhi zilichukua kanda yoyote iliyokuwa karibu, hata nakala ya nakala iliyotayarishwa kwa ajili ya kukata santuri. Kila unapotoa nakala ya kanda, mvumo unaongezeka na sauti za juu zinafifia. Mtu akirudi baadaye kwenye kanda mama na kuihamisha kwa subira, utasikia kama pazia limefunguliwa.

Lakini kuna upande wa pili, na huo umenikosesha raha kwa miaka mingi katika kazi hii. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 kampuni zilishindana kutoa CD yenye sauti kubwa kuliko ya jirani. CD ina dari, na sauti haiwezi kupita hapo. Ukitaka kila kitu kisikike kikubwa na dari ni ile ile, njia ni moja tu: kubana. Ule mpigo wa ngoma uliokuwa ukichomoza juu ya vingine unakatwa kichwa, halafu vyote vilivyobaki vinanyanyuliwa mpaka darini. Ukisikia kwa dakika moja unasema, aisee, hii ina nguvu. Ukisikiliza albamu nzima kichwa kinauma, kwa sababu hakuna tena kinachopanda wala kushuka. Rege inaumia hapo kuliko muziki mwingine. Uzuri wake uko kwenye nafasi zilizo kati ya besi ya Aston Barrett na ngoma ya Carlton, nduguye, na ukizijaza nafasi hizo unabaki na mdundo mtupu.

Ndiyo maana nakuomba usilinganishe matoleo mawili kabla ya kusawazisha sauti zake. Sikio la binadamu linadanganyika kirahisi: vitu viwili vikiwa sawa kabisa, kile kikubwa kwa desibeli moja tu kinaonekana bora. Pia tukipunguza sauti, besi ndiyo ya kwanza kupotea masikioni, kwa hiyo toleo lenye sauti ndogo huonekana jembamba hata kama si jembamba. Fanya hivi: chagua mstari mmoja wa wimbo, lile toleo kubwa lipunguze mpaka sauti ya mwimbaji iwe sawa na ya lile dogo, halafu mwombe mtu akubadilishie bila kukuambia kipi ni kipi. Sikiliza rimshoti ya ngoma, yaani pale kijiti kinapogonga ukingo wake. Inagonga kama kijiti juu ya mbao, au inagonga kama mkono juu ya mto? Nimeona watu waliokuja kwangu wakiwa na uhakika wao wakibadili mawazo ndani ya dakika tano.

Tuje kwa huyu wa santuri. Naipenda santuri, nimeitengeneza kwa mikono yangu tangu nikiwa kijana, lakini kauli kwamba sauti halisi iko huko tu siikubali. Santuri ni mfereji uliochongwa kwenye plastiki, na sindano inapita humo. Besi ikizidi, mfereji unapanuka na dakika zinapungua, kwa hiyo anayekata analazimika kuidhibiti. Kadiri sindano inavyoelekea katikati, mfereji unaopita chini yake kila sekunde unakuwa mfupi zaidi, na herufi za "s" zinaanza kuchana. Faida yake ni kwamba aliyekata santuri hawezi kubana sauti kiwendawazimu kama kwenye CD, na mara nyingi LP ya zamani ina pumzi zaidi kwa sababu hiyo. Lakini LP mpya nyingi hutokana na faili za dijitali, na ikiwa faili yenyewe ilikwisha kubanwa, kuichonga kwenye plastiki hakuirudishii pumzi.

Na hiyo yenye jalada la kiberiti? Ni kitu kizuri kukishika mkononi. Jalada linafunguka kwa bawaba kuelekea juu kama Zippo ya kweli, limeandikwa The Wailers tu, na walitengeneza kama 20,000 peke yake kwa sababu ilikuwa gharama kuyakata na kuyafunga. Baadaye likaja lile lenye picha ya Bob akivuta, iliyopigwa na Esther Anderson, na jina likawa Bob Marley and the Wailers. Miksi iliyo ndani ni ile ile. Tofauti ya bei kati ya majalada hayo mawili ni ya karatasi ngumu na ya wakusanyaji, na laki nne zako hazitaufikia mnada huo. Ukiikuta kwa bei ya chini, jua imekwanguliwa, au bawaba imekatika, au zote mbili.

Faili za biti 24 nitazisemea kwa kifupi. CD ina biti 16, ambazo zinatosha kubeba umbali wa kama desibeli 96 kati ya mnong'ono na kelele, na inafika mpaka masafa ambayo mtu mzima hayasikii. Kanda ya mwaka 1972 haijazi hata nafasi hiyo. Biti 24 zina maana kubwa studioni wakati wa kurekodi, lakini kwa kusikiliza nyumbani hutapata kitu ambacho CD nzuri haikupi. Utakachokipata ni bili. Albamu hii ina dakika kama 36. Ikichezwa kwa kilobiti 320 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 86. Ikiwa ya biti 24 kwa kilohezi 96, bila kufinywa, inapita gigabaiti moja, na hapa Uganda tangu Julai 2021 kila bando unalonunua lina kodi ya 12% ndani yake. Ukipenda faili, chukua za ubora wa CD, uzihifadhi kwenye flashi mara moja.

Niongeze jambo moja, japo halihusu Marley, kwa sababu najua mzee wa barabara ile hakusikiliza rege peke yake. Nyimbo nyingi za Kikongo na za Nairobi zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, upande wa A maneno, upande wa B sebene. Zilipohamishiwa CD, wengine waliziunganisha vizuri, wengine wakaacha ule mnyamazo katikati, na wengine wakaweka upande wa A tu. Niliwahi kununua CD kwenye duka moja mjini, imeandikwa kwamba imesafishwa upya, nikafika nyumbani nasikia mikwaruzo ya santuri chini ya sauti na wimbo unaishia pale gitaa linapoanza kuchangamka. Kwa muziki wa aina hiyo, uliza urefu wa wimbo kabla ya kulipa. Wimbo ulioujua kwa dakika nane ukiandikwa nne, umeshapata jibu.

Basi, kwa mzee wako. Redio ya CD ni nzima, mashine ya santuri ni mbovu, fedha ni laki nne. Mimi ningenunua CD. Ukipata ile Deluxe ya 2001 iliyotumika lakini safi, ichukue, na siku ya sherehe uweke diski ya pili kwanza. Diski ya Jamaika muachie aisikie baadaye kwa utulivu, akijua ni nini. Huenda akaipenda sana, maana ni kama kuwasikia vijana wale wakiwa nyumbani kabla hawajavalishwa suti za London. Kama Deluxe haipatikani, CD ya kawaida yenye nyimbo zile tisa za mwanzo inamtosha kabisa. Seti ya 2023 ina pia tamasha la London la 1973 na matoleo tofauti ya baadhi ya nyimbo. Ni kazi ya kuheshimika, ila kwa mtu anayetaka kanda yake irudi ni kubwa kuliko haja, na ukiiagiza kutoka nje unaongeza usafirishaji, ushuru na VAT ya 18% kabla hujaigusa. Muulize muuzaji jumla ya gharama mpaka mkononi, usiishie kwenye bei ya bidhaa.

LP usinunue kwanza. Mashine isiyozunguka mara nyingi ina mkanda wa mpira uliolainika kwa joto mpaka ukawa kama lami. Hilo ni jambo dogo. Kubwa ni sindano. Ikiwa imekaa miaka kumi bila kuangaliwa na ncha imelika, inalima mfereji, na santuri iliyolimwa haiponi. Na usishawishike na zile mashine ndogo za begi: nyingi zinaukandamiza mfereji kwa gramu tano hivi wakati mashine ya heshima inatumia mbili. Mpelekee fundi mashine hiyo akaiangalie mkononi, usimwelezee kwa simu. Ikitengemaa, LP itakuwa zawadi ya mwaka ujao.

Sasa nataka unisikilize vizuri kuhusu ile kanda. Umeitaja mwishoni kana kwamba ni takataka, na mimi naiona ndiyo zawadi yenyewe. Kanda nyingi zilizokaa hazichezi kwa sababu ya kitu kidogo sana: kuna kipande cha sufi, kidogo kama punje ya mahindi, kilichogundishwa kwenye kibati chembamba katikati ya ukingo wake. Kazi yake ni kuusukuma utepe ugusane na kichwa cha redio. Gundi ikikauka kinadondoka, na sauti inakuwa kama inatoka chini ya godoro. Utepe wenyewe unaweza kuwa mzima. Shika kanda kwenye mwanga na utazame. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu, na hapo usijaribu kuicheza kabisa kwa sababu utauchafua utepe wote na redio pia. Kama hakuna, fundi anaifungua, anauhamishia utepe kwenye ganda jipya la skrubu tano, anauchezesha mara moja kwenye mashine safi na kuurekodi kwenye kompyuta.

Ikiwa mzee alirekodiwa kanda hiyo dukani, kama wengi wetu tulivyofanya, usishangae ikienda kasi kidogo au polepole kidogo kuliko CD. Mota ya mashine iliyorekodi ikikimbia kwa 3% zaidi, wimbo mzima unashuka kwa robo toni ukichezwa kwenye mashine ya kawaida. Alichokizoea mzee kwa miaka ishirini ni wimbo huo, katika kasi hiyo. Mwambie fundi akupe faili ilivyo, bila kurekebisha kasi, na kama kati ya nyimbo kuna sauti ya mtu dukani akikohoa au akitaja jina la msanii, isifutwe.

Kitu cha mwisho ninachokuuliza ni kuhusu masikio yake. Gitaa amelikosa kwa haki, lakini miaka ishirini kando ya injini na dirisha wazi huacha alama, mara nyingi zaidi upande wa kulia, ulio karibu na dirisha. Je, anaongeza sauti ya televisheni mpaka majirani wanasikia? Anakuambia anakusikia lakini haelewi maneno? Anageuza upande mmoja wa uso akizungumza nawe? Kama ndivyo, mpeleke hospitali yenye idara ya masikio, pua na koo. Hospitali ya Mulago, Kampala, wanayo, na hospitali ya rufaa iliyo karibu nanyi itakuelekeza. Mara nyingine ni nta tu, wanaitoa siku hiyo hiyo. Asiitafute mwenyewe kwa njiti. Na kama ni uziwi wa kelele, wakimpima watakuonyesha ni masafa gani yamepungua, nawe utajua uinue kiasi gani sauti za juu kwenye redio yake.

Kanda usiitume kwa basi. Ije mkononi mwako, ndani ya kasha lake, mbali na spika na mota za gari, na usiizungushe kwa kalamu kabla sijaiona.